Pua ya Nyumba

Doa lilionekana alfajiri, na wa kwanza kuliona, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa Kaka Mkubwa.

"Mama! Amkeni! Nyumba inavuja!"

Mama mwenye nyumba alitoka chumbani kwake na shuka begani, goti la kulia likimkatalia kama kila asubuhi. Nyuma yake alikuja binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo. Walisimama mlangoni mwa chumba cha wageni, wakainua macho.

Dari iliyokuwa nyeupe pee jana, leo ilikuwa na doa la kahawia pana kama sinia. Matone yalikuwa yakijikusanya katikati yake, yakinenepa, kisha moja likaachia na kuanguka juu ya shuka la kitanda. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama pembeni, singlendi mwilini, akijifuta uso kwa taulo.

"Nimelala zangu, nashtuka maji yananidondokea usoni," alisema. "Na leo ndiyo siku ya mkaguzi! Tutamwambia nini yule nesi?"

Nesi ndiye aliyetaka kuinunua nyumba. Nyumba ilikuwa inauzwa kwa neno la Kaka Mkubwa mwenyewe. Siku ya kumzika baba, mwaka uliopita, alisimama mbele ya ndugu wote akasema mama hatabaki na binti mmoja tu juu ya mlima na goti lile. Atakwenda kukaa kwake. Watu walimsifu mpaka akainamisha kichwa. Tangu hapo lilikuwa limebaki suala la kupata mnunuzi. Nesi alipopatikana aliweka sharti moja tu: hanunui nyumba kabla haijakaguliwa na mtu wa kazi hiyo.

"Mvua ilinyesha usiku, niliisikia," mama alisema taratibu. "Lakini nyumba hii haijawahi kuvuja. Baba yenu aliijenga kwa mikono yake. Haijavuja hata siku moja."

"Haikuvuja mpaka jana." Kaka Mkubwa alimgeukia mdogo wake. "Jana jioni nafika, nakuta ngazi imesimama ukumbini na miguu inaning'inia kwenye tundu la dari. Ilikuwa miguu ya nani?"

"Yangu," Kitinda alijibu. "Nilipanda kusafisha. Mgeni anakuja kukagua, nimwachie manyoya ya ndege?"

"Na nani alisema mezani, mbele yetu, kwamba nyumba hii haiuzwi yeye akiwa hai?"

Kitinda alikuwa amesema, na hakuna asiyejua.

"Unaona, mama? Kalegeza bati, akaiachia mvua imalizie kazi. Ili mnunuzi akimbie."

Mama alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Binti huyo ndiye aliyekuwa akimkanda lile goti kila jioni, na ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho. Lakini doa lilikuwa pale juu, likidondoka.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele. "Ikiwa ni wewe uliyeitia maji nyumba ya baba yako, basi siku yangu ikifika, usinizike. Usishike jeneza langu. Sina zaidi."

Kitinda alikwenda jikoni kutafuta cha kushika. Akatikisa chupa ya chai, ile iliyobaki jana ikiwa imejaa nusu, ampashie mama kikombe. Ilikuwa tupu.

"Nani amemaliza chai?" aliuliza. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa na haja ya chai.

*

Mkaguzi alifika saa tatu, ngazi begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, na mjini walimwita Bi Ngazi kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitembea bila hiyo ngazi. Nesi alikuwa naye, bado na viatu vyake vyeupe vya zamu.

Kaka Mkubwa aliwapokea getini.

"Poleni, dada zangu, mmepanda mlima bure. Nyumba imevuja usiku. Mimi ni mtu mkweli, sitaki kumuuzia mtu matatizo. Nesi, mdogo wangu, tafuta nyingine, hatutakulaumu."

"Imevuja wapi?" Bi Ngazi aliuliza.

"Chumba cha wageni. Vibaya sana."

"Afadhali." Alishusha ngazi. "Nyumba inayovuja hadharani haina unafiki. Mimi nazihofia zile zilizopakwa rangi juzi. Karibu, Nesi, twende kazini."

"Lakini si nimewaambia imeharibika?"

"Umeniambia wewe, kaka yangu. Bado haijaniambia yenyewe."

Kabla ya kuanza alimweleza Nesi mambo yatakavyokuwa, kama daktari anavyomweleza mgonjwa kabla ya sindano. "Tutazunguka nje kwanza, ndani baadaye. Nitapanda juu, nitashuka. Nitafungua kila bomba, kila mlango, kila swichi. Siwezi kubomoa ukuta kuona kilichomo. Nasema ninachokiona tu. Uliza lolote, ukichoka kaa. Mwisho nitakwambia nyumba ina nini. Sitakwambia ununue wala usinunue. Hiyo ni ya kwako na moyo wako."

"Na kama kuna mtu ameiharibu makusudi?" Kaka Mkubwa alidakia, akimtupia jicho Kitinda aliyekuwa kibarazani. "Maana tunaye huyo mtu."

"Mimi si askari. Sikagui watu." Bi Ngazi alikuwa tayari ameinama, akipitisha kiganja kwenye msingi. "Nakagua nyumba. Ila nyumba ikiamua kusema, siwezi kuiziba mdomo."

Kaka Mkubwa alisema ana simu ya kupiga, akarudi ndani. Kitinda aliwafuata wageni kwa mbali. Hakuwahi kuona mtu akiitazama nyumba namna ile. Bi Ngazi hakutazama kama mtu anayetafuta kosa. Aligusa kona kwa ncha ya kidole. Akachuchumaa kuona ardhi inaelekeza maji wapi, akaona yanaikimbia nyumba, akatabasamu peke yake. Akagonga ukuta hapa na pale, sikio karibu, kama anayesubiri kuitikiwa hodi.

"Nani alijenga hapa?"

"Marehemu baba," Kitinda alisema.

"Ona, Nesi. Tofali za kona zimeshikana kama vidole vya mikono miwili. Hapa hakuna aliyelipua kazi."

Walifika uani, kwenye chumba cha mpangaji. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye futi shingoni, na cherehani yake ilikaa kibarazani pamoja na pasi na vikorokoro vyake vyote, mchana na usiku, maana katika ua ule hakuna kilichowahi kuibwa. Juu ya kichwa chake, ukutani, kilichomoza kibomba kifupi cha bati, kimepinda kidogo kuelekea chini. Chini ya kibomba kulikuwa na ndoo.

"Hili bomba la nini?" Bi Ngazi aliuliza. "Si la gata, si la choo."

"Hilo?" Fundi alicheka. "Hilo ni pua ya nyumba. Marehemu alinionyesha siku nahamia. Alisema, 'Fundi, nyumba hii ikipata mafua, kamasi litatokea hapa. Ukiona tone, niite.' Basi nikatega ndoo. Miaka yote hiyo sijapata kamasi hata la kunawia mikono. Jana mvua imenyesha, nikasema labda leo. Wapi! Tazama, kavu kama ahadi ya mteja."

Bi Ngazi aliitazama ndoo. Vumbi lilikuwa limetulia chini yake. Akakitazama kibomba, akakitazama tena, akafuata kwa macho njia ambayo bomba lile lingepita ndani ya ukuta hadi darini.

"Na kwa kuwa mmekuja kukagua," fundi aliendelea, "mnikagulie na hili." Aliinua shati jeupe la mteja. Kifuani lilikuwa na madoadoa ya kahawia, madogo madogo, kama uso wenye chunusi. "Asubuhi nalipiga pasi. Nachukua chupa yangu ya kupulizia maji, napuliza, pwii! Balaa hili. Nani kachezea chupa yangu?"

Bi Ngazi aliifungua ile chupa, akainusa. Akampa Nesi naye anuse.

"Chai," Nesi alisema.

"Chai! Ndani ya chupa ya pasi! Mimi hata sukari nimeacha."

Nesi alimvuta mkaguzi pembeni, akanong'ona kwamba chupa ni ya huyuhuyu, na nyumba ikiuzwa huyu ndiye atakayetafuta chumba kingine. Hakunong'ona vya kutosha.

"Nimekusikia, Nesi!" fundi alisema. "Nihame nisihame, mimi nitie doa shati la mteja wangu mwenyewe? Afadhali nijitie doa mimi."

"Neno hilo lina uzito," Bi Ngazi alisema. Akairudisha chupa mahali pake, taratibu, kama alivyoikuta.

*

Ndani, alifanya kila alichoahidi. Aliweka gololi katikati ya sebule, watu wote wakaitazama kama wanatazama mpira. Gololi haikwenda popote. Alifungua mabomba yote kwa pamoja akasikiliza mabomba yanavyokoroma. Alifungua milango, akaiachia, akangoja kuona kama itajifunga yenyewe. Kila kasoro aliyoipata aliitaja bila kuikuza. Soketi moja ya jikoni imelegea, kioo cha dirisha la choo kina ufa, gata la mbele linahitaji vishikio vipya. Mama, aliyekaa kwenye kiti chake, aliitikia kila kasoro kwa kutikisa kichwa, kama anayesikia makosa ya mtoto wake shuleni. Kila sifa aliipokea kimya, akiwa ameshika goti.

Kisha wakaingia chumba cha wageni.

Bi Ngazi hakuangalia juu kwanza. Aliangalia sakafu, kitanda, shuka lililolowa, kiti kilichokuwa karibu na kitanda, na chandarua cheupe kilichosokotwa na kufungwa fundo juu ya kitanda. Akamwomba Kitinda azime swichi kubwa ya umeme. Ndipo aliposimama kwenye ngazi yake, akalikaribia doa mpaka pua ikakaribia kuligusa.

"Doa la mvua nalijua," alisema, kama anazungumza na dari. "Hukauka likaacha pete. Mvua nyingine, pete nyingine. Hili halina pete. Pembeni lina vidoa vidogo vidogo." Alishika balbu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Tumboni mwake, upande unaotazama sakafu, kulikuwa na vidoa vilevile.

Kaka Mkubwa alikuwa amerudi, akaegemea mlango. "Sasa hayo yanatusaidia nini? Imevuja, imevuja."

"Yananisaidia mimi, kaka yangu. Nina mazoea ya kuuliza. Wewe ndiye uliyelala hapa?"

"Mimi."

"Usingizi ulikuja vizuri?"

"Mpaka maji yaliponiamsha. Yamenidondokea hapa." Aligusa paji la uso.

"Pole. Na mbu, huku mlimani wapo?"

"Mbu? Tena wakubwa kama nzi. Bila neti hufungi jicho."

"Kwa hiyo ulilala ndani ya neti."

"Ndani ya neti, ndiyo. Wewe umekuja kukagua nyumba au usingizi wangu?"

"Nyumba, nyumba," Bi Ngazi alisema kwa upole, akashuka. "Sasa napanda darini. Nahitaji mtu wa kunishikia tochi, anayepajua."

"Anayepajua ni huyo hapo," Kaka Mkubwa alisema. "Lakini ndiye mshtakiwa wetu. Akipanda naye si atafuta ushahidi?"

"Akifuta, nitaona mahali palipofutwa."

*

Darini kulikuwa na joto na harufu ya mbao kavu. Kitinda alipita mbele, akikanyaga juu ya kenchi tu, mbao zinazobeba paa, mguu mmoja mbele ya mwingine, bila kuangalia.

"Nani alikufundisha kutembea hivyo?"

"Baba. Alisema ukikanyaga silingi bodi utashukia mezani watu wanakula."

Bi Ngazi alicheka bila sauti. Tochi ilipita juu ya kenchi. Nyayo za Kitinda za jana zilionekana wazi juu ya mbao, zikienda na kurudi. Zilikwenda mpaka pale mapaa mawili ya nyumba yalipokutana, mahali ambapo katika kila nyumba maji hutafuta mlango. Chini ya maungio yale kulikuwa na mfereji wa bati, umekunjwa kwa mkono, umelazwa kwa mteremko mdogo, unakwenda mpaka ukutani na kutokomea.

"Huu ndio niliokuja kuusafisha jana," Kitinda alisema. "Ndege walikuwa wameanza kujenga ndani yake. Baba aliuweka ili paa likivuja, maji yasifike kwenye dari. Yaingie humu, yatoke kwenye pua, tuyaone nje kabla hayajaharibu kitu. Alisema paa lolote litazeeka, kama mtu, na asiyejiandaa kuzeeka ni mjinga."

Bi Ngazi alipitisha kidole ndani ya mfereji. Ulikuwa mkavu. Kitinda alimmulikia mabati ya juu, msumari kwa msumari, hakuna uliolegea. Kisha akamulika chini ya mfereji, kwenye mgongo wa silingi bodi ya chumba cha wageni, ileile ambayo tumbo lake lilikuwa na doa. Vumbi la miaka lilikuwa limelala juu yake sawasawa, kama unga uliochekechwa. Halikuwa na tone. Panya alikuwa amepita akaacha vinyayo, basi. Palipokuwa na doa kwa chini, ubao ulikuwa umeanza kuvimba kidogo, na vumbi juu yake likabaki lilivyo.

Bi Ngazi alichuchumaa, akaupapasa tena ule mfereji wa bati.

"Nimekagua nyumba nyingi," Bi Ngazi alisema mwishowe. "Za matajiri, za serikali, ghorofa na vibanda. Sijawahi kuona mtu akiijengea nyumba yake pua. Natamani ningemkuta, nimsalimie tu."

Machozi ambayo Kitinda aliyazuia tangu alfajiri yalimtoka yote.

"Usilie hapo, mwanangu. Utaitia silingi bodi doa, halafu nitaandika nini?"

Kitinda alicheka huku analia, tochi ikatikisika, na mwanga ukacheza juu ya kazi ya baba yake.

*

Waliposhuka, Bi Ngazi aliomba jagi la maji. "Kila mtu aende uani," alisema. "Wote. Mama pia, mleteeni kiti. Kipimo cha mwisho."

Wakasimama kibarazani kwa fundi cherehani: mama kwenye kiti, Nesi, fundi na futi lake, Kitinda kando ya ukuta, Kaka Mkubwa mikono kifuani. Bi Ngazi alipanda peke yake na jagi. Walimsikia akitembea juu, kenchi baada ya kenchi. Kisha kimya. Kisha sauti ndogo ikipita ndani ya ukuta, kama mtu anayemeza mate.

Tone likatokea kwenye kibomba cha bati. Likaning'inia. Likaanguka ndani ya ndoo, ti. La pili likafuata, kisha uzi mwembamba wa maji.

"Mafua!" fundi alipiga makofi. "Mwishowe!"

Mama hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe wa kwanza, kwa sababu mwanawe wa kwanza alikuwa akikikodolea macho kile kibomba kama mtu aliyeona kidole kikichomoza ukutani.

"Hicho... hicho nini?" Kaka Mkubwa aliuliza.

Bi Ngazi alikuwa ameshashuka, akisimama nyuma yao, jagi tupu mkononi.

"Nesi," alisema, "wewe ndiye uliyeniajiri, nazungumza na wewe. Hao wengine watasikia tu. Paa la nyumba hii halikuvuja usiku. Lingevuja, maji yangetoka hapa, na ndoo ya fundi ingelowa. Ilikuwa na vumbi. Nimepanda juu, mgongo wa silingi bodi ni mkavu. Doa limetoka chini. Mtu amesimama juu ya kiti, akapulizia dari chai, mpaka ikaanza kudondoka. Vidoa viko mpaka kwenye tumbo la balbu. Mvua haipandi juu."

"Chupa yangu!" fundi alisema.

"Chupa yako, iliyolala kibarazani kama siku zote. Na chai ya jana."

"Chai yangu," mama alisema polepole.

"Basi ni yeye huyo!" Kaka Mkubwa alimnyooshea Kitinda kidole, lakini kidole hakikunyooka vizuri. "Chai anaijua ilipo, chupa anaijua ilipo."

"Angekuwa yeye," Bi Ngazi alisema, "angejua pia kwamba dari ya nyumba hii haiwezi kulowa bila pua kutoa maji. Angemimina hata kikombe kule juu, ndoo ipate chochote. Alikuwa huko jana jioni akiusafisha huo mfereji kwa mikono yake. Fundi naye anajua, mama anajua. Aliyefanya hivi alijua mvua imenyesha. Hakujua nyumba ina pua."

Tone jingine likaanguka.

"Mimi maji yamenidondokea usoni!" Kaka Mkubwa alisema kwa nguvu. "Nililala pale!"

"Ndani ya neti," Bi Ngazi alisema.

"Ndani ya neti, ndi..."

Nesi alikuwa ameshaondoka kuelekea ndani, viatu vyake vikipiga sakafu, na aliporudi alikuwa amekikumbatia chandarua chote. Alikifungua fundo, akakitandaza juu ya miguu ya mama. Kilikuwa cheupe mwanzo mpaka mwisho, kama kilivyotoka kwenye sabuni.

"Maji ya chai," Bi Ngazi alisema, "yakapita hapa, yakafika usoni kwako, bila kuacha alama. Ulikifunga juu kisilowe, kaka yangu. Una roho ya usafi. Ndiyo iliyokusema."

Kaka Mkubwa alikaa chini, pale pale kibarazani, kati ya vitambaa vya fundi. Mtu mzima, msimamizi wa ghala, mwenye watu chini yake.

"Kwa nini?" mama aliuliza. "Wewe ndiye uliyetaka iuzwe."

"Mke wangu amekataa, mama." Alisema akitazama sakafu. "Tangu mwezi wa kwanza. Amesema ukihamia kwetu, yeye anatoka. Nimemsihi, nimenuna, nimelala ghalani. Amekataa. Na mimi nilisema mbele ya watu wote, mbele ya kaburi la baba. Nitarudije kwa ndugu niseme nimeshindwa kumweka mama yangu nyumbani kwangu? Nikasema, nesi akikimbia, nyumba haiuziki, basi. Hakuna mwenye kosa."

"Ukampa kosa mdogo wako."

"Lilinitoka mdomoni tu. Ulisema nyumba haijawahi kuvuja, nikaikumbuka ile miguu kwenye tundu. Halafu ukasema lile neno la jeneza. Nikataka kulirudisha, ikawa kama nimemeza mfupa."

Fundi alivuta futi lake shingoni, akalivuta tena.

Mama alikikunja chandarua mara mbili, akakiweka pembeni. "Wanangu," alisema, "mimi sikutaka kuhama. Hata siku moja. Siku ya mazishi uliposema vile mbele ya watu, nikasema moyoni, mtoto amejitwisha, nisimwaibishe. Nikawa nafunga mizigo ili usione haya. Kumbe na wewe unatia madoa ili mimi nisijue kwamba umeshindwa. Tungeuza nyumba ya baba yenu kwa ajili ya adabu."

Hakuna aliyejua acheke au alie, ila fundi, aliyecheka.

Nesi alitazama ukuta, kibomba, kona ambazo tofali zake zilishikana kama vidole. "Na mimi," alisema kwa huzuni ya kweli, "sasa ndiyo naitaka nyumba hii kuliko mwanzo."

"Ndivyo ukaguzi mzuri unavyofanya," Bi Ngazi alisema. "Twende. Nitakutafutia nyingine. Haitakuwa na pua, lakini tutaiwekea." Akaifuata ngazi yake. Mlangoni mwa ukumbi aligeuka. "Mama, ile silingi bodi ya chumba cha wageni haifai tena. Ibadilisheni kabla haijashuka. Na soketi ya jikoni msisahau."

Mama alisimama. Goti lilikataa, akasimama hivyo hivyo. Alimwendea Kitinda, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtazama mpaka binti akafumba macho. Neno la jeneza hakulitaja, wala hakuomba radhi kwa maneno. Katika nyumba ile mama hakuwa na maneno hayo. Alipangusa tu, kwa dole gumba, vumbi la darini lililokuwa limebaki kwenye paji la uso wa binti.

"Utanizika wewe," alisema. "Tena uniwekee na pua."

Kisha akamgeukia mwanawe aliyekaa chini.

"Inuka. Leta ile ngazi ya baba yako. Mdogo wako atapanda kubandua ubao, wewe utashika chini. Na akishafika juu, muulize kila kitu kinaitwaje."

Kaka Mkubwa aliinuka, akaenda kuileta ngazi.